Mguu Wangu na Majivu ya Korosho

Mimi naitwa Egidi. Naishi Lizaboni, Songea. Ni fundi baiskeli. Zamani nilikuwa na ajira katika shirika la umma. Shirika lilipopunguza wafanyakazi, nilirudi nyumbani na barua moja na sanduku la spana. Barua haikunisaidia kitu. Spana ndizo zilizotulisha mimi, mke wangu Lidwina na watoto wetu.

Jambo ninaloandika hapa nalionea haya mpaka leo. Lidwina anasema niliandike tu. Anasema haya yangu inaweza kumfaa mtu mwingine mwenye mguu unaouma.

Ilikuwa mwaka 1994. Parokia yetu ilikuwa inajiandaa kwa jubilei. Kila jumuiya ilitakiwa kutoa mkimbiaji mmoja wa mbio za kilomita kumi na mbili. Mbio zilipangwa Jumapili ya mwisho ya mwezi wa nne. Mwezi wa kwanza jumuiya yetu ilikutana kwa sala kama kawaida. Baada ya sala, mwenyekiti wetu, Mama Kunegunda, aliuliza nani atakimbia. Kabla hajafunga mdomo nilikuwa nimeshasimama.

"Mimi hapa," nilisema. "Nilipokuwa jeshini, JKT, wenzangu walikuwa wanaona mgongo wangu tu."

Athanasi, mwalimu wa shule ya msingi, aliniangalia tumbo. "Kaka Egidi," alisema taratibu, "hiyo JKT ilikuwa mwaka gani?"

Watu walicheka. Nilikuwa na miaka thelathini na minane, na kitambi kilikuwa kimeanza kunitangulia. Kicheko kile kiliniuma. Kuanzia siku ile sikuwa nakimbia kwa ajili ya jubilei. Nilikuwa nakimbia ili Athanasi anyamaze.

Nilinunua raba za mitumba. Kwa juu zilikuwa nyeupe, za kupendeza. Kwa chini soli zilikuwa zimelika upande wa ndani. Niliona. Tairi likiwa limelika hivyo, namwambia mteja alitupe. Lakini raba zile nilizivaa.

Wiki ya kwanza nilikimbia kilomita tatu kila asubuhi. Wiki ya pili sita. Wiki ya tatu kumi. Sikupumzika hata siku moja. Nilikimbia kwenye lami, ingawa njia za udongo zipo tele. Kwenye lami watu walikuwa wananiona.

Ili kufika kwenye lami nilipita njia ndogo, kando ya nyumba ya Mama Abdulatifu. Jina lake mwenyewe ni Zabibu. Yeye na mumewe, Mzee Swalehe, walikuwa wamehamia mtaani kwetu mwaka uliopita. Ni Waislamu, watu wa Nalasi, wilaya ya Tunduru. Ndugu zake walikuwa wanamletea korosho ghafi kutoka huko. Alizichoma nyuma ya nyumba, akazibangua na kuwauzia watu. Mtaani kwetu hakuna mwingine aliyechoma korosho. Moshi wake mzito tuliuona mgeni, na majivu yake meusi tuliyaona mageni vilevile. Kuhusu Mama Abdulatifu hatukujua zaidi ya hapo. Hatukumwuliza.

Njia ile ina mteremko. Asubuhi moja ya mwezi wa pili, baada ya mvua, niliteleza pale nikaanguka chali kwenye tope. Niliinuka haraka nikatazama kushoto na kulia. Sikuona mtu. Nilishukuru Mungu nikaendelea.

Siku chache baadaye niliona majivu meusi yamemwagwa palepale kwenye mteremko. Kesho yake yalikuwepo mengine. Nikawa nayakanyaga kila siku bila kuyafikiria.

Mwezi wa pili ulipokuwa unaisha, mguu wa kulia ulianza kuuma. Maumivu yalikuwa kwenye muundi, yaani mfupa wa mbele chini ya goti, upande wa ndani. Mwanzoni yalikuja nikianza kukimbia, kisha mwili ukipata joto yanapotea. Nikasema ni uchovu. Baada ya wiki mbili yakawa hayapotei. Halafu yakawa yananifuata mpaka kwenye kibanda changu cha ufundi, mpaka kitandani.

Sikumwambia mtu. Nikirudi nyumbani, nilichechemea njia nzima. Nikikaribia mlango, nilijikaza nikatembea sawasawa.

"Baba Remmy, mbona siku hizi unakaa chini kuvaa suruali?" Lidwina aliniuliza.

"Umri," nilisema.

"Wiki iliyopita ulikuwa kijana wa JKT."

Mwishowe aliona mguu umevimba kidogo. Nilimwomba anikande kwa maji ya moto, akandamize kwa nguvu zote. Alinikanda mpaka machozi yakanitoka. Asubuhi uvimbe ulikuwa umeongezeka. Nilikwenda duka la dawa. Siku hizo maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa yanafunguliwa kila kona. Nilinunua vidonge vya kutuliza maumivu. Nilikuwa nameza viwili, nangoja kidogo, kisha nakimbia kilomita kumi. Niliona nimepata ujanja.

Siku moja rafiki yangu Fransisko, tuliyekuwa naye jumuiya moja, alileta baiskeli yake kibandani. Aliniona nikisimama kwa mguu mmoja.

"Huo si ugonjwa wa hospitali," alisema. "Umekanyaga kitu."

"Kitu gani?"

"Asubuhi unapita wapi?"

Nilimwambia. Nikamtajia na majivu.

Fransisko alitikisa kichwa. "Majivu meusi, kila siku, mahali pamoja, na wewe mkimbiaji. Kaka, umetegwa. Watu wa Tunduru wale, wewe unawachukulia mchezo?"

Mama Abdulatifu hakuwa amenikosea hata siku moja. Ukweli ni kwamba moyoni sikumwamini sana Fransisko. Lakini maneno yake yalinifaa. Kama nimetegwa, basi kosa si langu. Si la raba zangu, si la majigambo yangu. Hapo ndipo aibu yangu ilipo. Nililiamini neno lile kwa sababu lilinipendelea.

Fransisko alichukua wembe aliokuwa amewachanjia watu wengine. Alinichanja chale sita kwenye muundi, akapaka dawa ya unga. Mguu uliuma vilevile. Baada ya siku nne chale mbili zilikuwa zinatoa usaha.

Alhamisi ile jumuiya ilikutana nyumbani kwa Mama Kunegunda.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema.

"Milele amina."

"Baba Remmy, naona unachechemea. Mguu una nini? Mbio zimekaribia."

Watu wote waligeuka kuniangalia, na Athanasi akiwemo. Ningeweza kusema kweli palepale. Badala yake nilisema, "Mimi sijui. Muulizeni anayemwaga majivu njiani."

Sikutaja jina. Haikuwa lazima. Wanawake wawili wakaanza kunong'onezana.

Neno lile lilifika kwa Mama Abdulatifu kabla ya Jumamosi. Watu waliacha kununua korosho zake. Wazazi waliwaambia watoto wazunguke, wasipite karibu na nyumba yake. Mzee Swalehe alipita kibandani kwangu bila kunisalimia. Majivu hayakumwagwa tena. Mvua ilikuwa bado inanyesha, na kwenye mteremko ule watoto wa shule waliokuwa bado wanapita walianza kuanguka na madaftari yao. Mimi niliona yote hayo. Nilikaa kimya nikaendelea kumeza vidonge.

Wiki mbili kabla ya mbio, nilikuwa kwenye lami nikasikia maumivu kama kisu kwenye muundi. Sikuweza kuukanyaga mguu. Nilirudishwa nyumbani nimebebwa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli. Fundi mzima nimebebwa kama gunia. Lidwina alivaa khanga, akatafuta mtu mwenye pikipiki, akanipeleka zahanati.

Mwuguzi aliyetupokea anaitwa Rosemary. Alibonyeza mguu kwa kidole kimoja, polepole, kutoka juu kwenda chini. Alipofika mahali fulani niliruka.

"Panauma hapa tu, mahali padogo kama sarafu?"

"Hapo hapo."

"Na hizi chale? Wembe ulikuwa wa nani?"

Niliinamisha kichwa. Lidwina alinitazama. Hata yeye nilikuwa nimemficha. Nilikuwa nimemwambia nimejikwaruza na waya.

"Wembe uliokata watu wengine unaweza kukuletea pepopunda," Rosemary alisema. "Unaweza kukuletea hata UKIMWI. Usirudie."

Alisafisha chale, akanichoma sindano ya pepopunda, akaniandikia barua ya kwenda hospitali kupigwa picha ya mfupa. Picha ilionyesha ufa mwembamba kwenye mfupa. Tuliporudi na majibu, Rosemary alisema, "Mfupa umechoka, umeanza kupasuka. Wiki sita hakuna kukimbia. Una bahati. Ungeendelea kidogo ungevunjika kabisa. Sasa, ili mguu urudi vizuri, utahitaji mtu wa kukuongoza mazoezi. Kuna mtu mtaani kwenu. Alifanya kazi ya mazoezi ya viungo katika hospitali ya misheni miaka ishirini na mbili. Watu waliovunjika miguu aliwafundisha kutembea upya. Hata mimi alinifundisha kazi. Anaitwa Zabibu. Ninyi mnamwita Mama Abdulatifu."

Nilitamani sakafu ya zahanati inimeze.

Nilikaa siku mbili bila kwenda. Siku ya tatu Lidwina aliniletea fimbo ya kutembelea. "Nenda," alisema. "Mimi sikusindikizi. Maneno yale ulikwenda kuyasema bila mimi."

Nilipiga hodi kwa sauti ndogo, nikimwomba Mungu yule mama asiwepo.

"Karibu," alijibu kutoka uani.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda anabangua korosho. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa mafuta ya maganda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Rosemary ameshanipa habari. Kaa hapo. Mguu weka juu ya kigoda hiki."

Alinawa mikono akaushika mguu wangu. Mikono yake ilikuwa myepesi. Aliniuliza nilikuwa nakimbia kiasi gani, wapi, na kwa viatu gani. Nilijibu yote.

"Na kabla ya mwezi wa kwanza ulikuwa unakimbia?"

"Nilikuwa nakaa kibandani."

Alitikisa kichwa. "Wewe ni fundi baiskeli. Mtu akikuletea baiskeli, spoki mbili zimekatika, naye anataka kupakia gunia la mahindi, utamwambia nini?"

"Nitamwambia asipakie. Rimu itapinda."

"Akikwambia spoki zilikatika kwa sababu jirani yake anaiangalia vibaya?"

Alisema hivyo bila kuinua macho. Hakupandisha sauti. Masikio yangu yalikuwa yanawaka.

Aliendelea kama mtu ambaye hakusema kitu. "Mfupa unapenda kazi, lakini iongezwe kidogo kidogo. Wewe uliuongezea mara tatu ndani ya wiki tatu, kwenye lami ngumu, na viatu vilivyolika. Mfupa ukaanza kulalamika. Maumivu ndiyo maneno yake. Ukameza vidonge ili usiyasikie, ukaupiga tena. Ukaukanda kwa nguvu na maji ya moto wakati umevimba, uvimbe ukazidi."

"Sasa nifanye nini, mama?"

"Sasa unapumzika. Uvimbe ukiwepo, chovya kitambaa kwenye maji baridi ya mtungini, weka hapa robo saa, mara tatu kwa siku. Ukikaa, mguu uweke juu. Usiukande wala usiuchue. Tembelea fimbo mpaka utembee bila kusikia maumivu. Wiki sita zikiisha, na pakibonyezwa hapaumi, tunaanza mazoezi. Utasimama umeshika ukuta, unainua visigino, unashusha. Kisha unatembea. Kisha unatembea kidogo, unakimbia kidogo, kwenye udongo, siku moja unakimbia, siku inayofuata unapumzika. Pakiuma, unarudi nyuma hatua moja. Na raba zile usizivae tena."

Nilimshukuru nikasimama. Nilikuwa nimefika mlangoni aliposema, "Mwezi wa pili ulianguka pale mteremkoni."

Niligeuka.

"Nilikuwa hapa uani," alisema. "Nikamwambia Mzee Swalehe, huyu bwana atavunjika. Majivu yanakausha tope. Ndiyo maana nikawa nayamwaga pale, upite salama. Na watoto wa shule nao wapite."

Nilitoka nikaenda kukaa nyuma ya kibanda changu, mahali ambapo wateja hawanioni. Yule mama alinionea huruma, na mimi huruma yake niliigeuza uchawi.

Kesho yake nilirudi. Safari hii sikusubiri kukaribishwa kiti.

"Mama, nimekukosea. Nisamehe."

Aliniwekea kigoda. "Nimekusikia, mwanangu. Mungu ndiye msamehevu. Lakini maneno yale hukuniambia mimi. Uliwaambia watu wa jumuiya yenu. Mimi siwezi kwenda huko kujisafisha."

Nilielewa. Na niliogopa kuliko nilivyoogopa ile picha ya hospitali.

Zilikuwa zimebaki siku tatu kabla ya mbio. Kama ningenyamaza tu na kutokimbia, mtaa wote ungesema mtego umefanya kazi. Mama Abdulatifu angebaki na jina la mchawi maisha yake yote, na mimi ningebaki mtu wa kuhurumiwa. Hiyo ilikuwa njia rahisi, na nakiri niliifikiria.

Alhamisi jioni jumuiya ilikutana. Sala ilipokwisha nilisimama na fimbo yangu.

"Sitakimbia," nilisema. "Mfupa wangu una ufa. Ufa huo nimeuleta mwenyewe. Nilikimbia kupita kiasi ili mwalimu Athanasi asinicheke. Nilivaa raba mbovu. Nilimeza vidonge nisisikie maumivu. Majivu hayakuhusika. Mama Abdulatifu aliyamwaga kwa sababu aliniona nimeanguka kwenye tope, akanihurumia. Niliposema muulizeni yeye, nilisema uongo. Nilikuwa natafuta mtu wa kubeba aibu yangu."

Hakuna aliyecheka. Nilitamani wangecheka, ingekuwa nafuu. Fransisko alikuwa anatazama dirisha. Mmoja wa wanawake wale wawili alijifunika uso kwa khanga.

Mama Kunegunda aliwageukia wengine. Kisha alisema, "Na sisi tulikubali haraka. Hakuna aliyekwenda kumwuliza. Kesho asubuhi mimi nitapita kwake kununua korosho. Anayetaka kufuatana nami aje."

Athanasi alisema, "Nitakimbia mimi, kaka. Sitakuwa wa kwanza, lakini nitafika." Kisha akaongeza, "Ile siku ya kwanza sikupaswa kukucheka."

Jumapili nilikaa kando ya barabara na ndoo ya maji, nikawa nawapa wakimbiaji vikombe. Athanasi alipita akiwa wa kumi na tisa, ulimi nje. Mama Abdulatifu alikuja kutazama. Alisimama mbali kidogo nami. Watu kadhaa walimsalimia. Wengine bado walimpita kimya, na kila aliyempita kimya nilijua nimemfundisha mimi.

Nilipumzika wiki sita. Kisha nilishika ukuta wa Mama Abdulatifu nikainua visigino, kumi asubuhi, kumi jioni. Watoto wa mtaa walikuja kunitazama. Nilianza kutembea, halafu kutembea na kukimbia dakika moja moja. Mara moja pakauma, nikarudi nyuma hatua moja kama nilivyoambiwa. Kufikia mwezi wa tisa nilikuwa nakimbia kilomita tano kwenye njia za udongo za Ruhuwiko, nikiwa na raba zenye soli nzima, bila kidonge. Mwaka uliofuata parokia iliandaa mbio tena. Nilikuwa wa kumi na moja, na mguu haukuuma.

Siku hizi mteja akija kibandani anachechemea, simwambii habari za kutegwa. Namwambia aache kuulemea mguu, aende zahanati. Nikiweza nafunga kibanda nampeleka mwenyewe.

Lakini siku ninayoikumbuka zaidi si ile ya mbio. Ni asubuhi moja ya mwezi wa kumi na mbili, mwaka uleule wa 1994. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha. Tangu nilipoomba msamaha, Mama Abdulatifu alikuwa amenitibu na kunikaribisha chai, lakini majivu yake alikuwa anayafukia shimoni nyuma ya nyumba. Sikuthubutu kumwuliza. Nilijua anaogopa.

Asubuhi ile nilitoka kukimbia. Nilipofika kwenye mteremko nilipunguza mwendo kwa sababu ya tope. Kisha niliona. Njia yote, kutoka juu mpaka chini, ilikuwa imemwagwa majivu meusi. Yalikuwa bado na joto kidogo.

Nilisimama pale nikashindwa kuendelea kwa muda. Halafu nikayakanyaga, nikapita.